Maiti Anayepumua

Ilikuwa tamthilia ya usiku, ile saa ambayo nyumba nzima imeshaswali isha na sinia la wali limeshaondolewa ukumbini. Ndani ya tamthilia, mzee wa ukoo amekata roho. Amelazwa kitandani, shuka jeupe hadi kifuani, wanawe wamemzunguka na kila mmoja analia kwa namna yake, na kinanda nacho kinalia kuwashinda wote. Kamera ikasogea, ikasogea, ikatua juu ya marehemu na kukaa hapo muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia yule mwigizaji wa watu. Shuka likapanda. Likashuka. Shangazi, aliyekuwa akichambua mchele wa kesho kwenye ungo, alitupa jicho moja tu. "Huyo hajafa," akasema. "Tumbo linamsuta."

Tulicheka mpaka tukakosa kuusikia wosia, lakini Shangazi hakuwa anatania. Yeye ni mwosha. Kwa miaka zaidi ya thelathini, mwanamke akifariki mtaani kwetu hapa Tanga, turubai halijafungwa bado, mtoto hutumwa mbio kuja kumwita. Anamjua maiti kama seremala anavyozijua mbao. Anajua kwamba macho hufumbwa kwa vidole, taratibu, mwili ungali na joto. Kwamba mdomo usipowahiwa kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu na kufungwa utosini, utabaki wazi. Kwamba viungo hulainishwa na kunyooshwa kabla havijakakamaa, na miguu hufungwa pamoja isitanuke. Watu wa mtaani humtania wakimpisha njia: "Mwosha huoshwa, bibie." Naye hujibu bila kusimama: "Najua. Lakini si leo."

Tangu usiku ule nimekuwa nikimfikiria yule mwigizaji, na sioni kosa lake. Machozi yana njia zake za kuitwa, ulevi huigizwa, hata mapenzi huigizwa na watu wasiosalimiana nje ya kamera. Pumzi ndiyo isiyomsikiliza mwongozaji. Unaweza kuizuia sekunde thelathini, arobaini, kisha inakuja yenyewe, imebeba hasira ya kucheleweshwa, na kifua kinatangaza kwa taifa zima kwamba marehemu yu hai. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kuna kazi nyingine ambamo watu hulala chali kila siku na kujifanya maiti, bila kamera, bila waombolezaji, na wanaambiwa kinyume kabisa: jifanye maiti, lakini pumua. Ni mkao wa yoga, na kwa Kisanskriti unaitwa shavasana. Shava ni maiti, asana ni mkao. Hatha Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinautaja mkao huo miongoni mwa mikao yake, na hadi leo darasa la yoga kwa kawaida hufungwa nao. Wapo watu waliofanya kazi zote mbili. Kwanza walilipwa ili watazamwe, halafu wakalipwa ili wawafundishe wenzao kufumba macho. Ningependa kujua ni nini walichohama nacho kutoka kazi ile kwenda hii.

Mimi nilipelekwa kwenye yoga na mgongo. Anayekaa kitini kutwa nzima akiandika hufika siku ambayo akiinuka lazima ashike meza, na nilipofika siku hiyo niliambiwa ninyooshe viungo. Mwalimu niliyempata kwenye simu hakuwa Mhindi mwenye ndevu kama nilivyotegemea. Alikuwa Adriene Mishler, mwigizaji wa Austin, Texas, mtoto wa wazazi wa jukwaani, aliyecheza kwenye filamu *Joe* ya mwaka 2013 na ambaye sauti yake ndiyo ya Lois Lane katika mchezo mmoja wa kompyuta. Mwaka 2012, yeye na mtayarishaji aliyekutana naye kwenye kazi ya filamu, Chris Sharpe, walianzisha chaneli ya yoga kwenye YouTube, na leo wanaoifuata wamepita milioni 12. Wengi wao, nadhani, hawajui kwamba ni mwigizaji. Lakini ukimtazama vizuri utaujua ufundi. Anaikodolea kamera kama vile nyuma yake yupo mtu mmoja tu, aliyechoka, anayehitaji kutiwa moyo. Anakosea neno, anajicheka, na kosa halikatwi. Pembeni yake, mara nyingi, amelala mbwa wake, Benji.

"Mbwa huyo analala juu ya mkeka wa watu?" Shangazi aliuliza siku alipoingia chumbani kwangu bila hodi, kama ilivyo haki ya mashangazi.

"Ni mkeka wao, Shangazi."

"Na huyu mwanamke anaongea na nani?"

"Na mimi."

"Anakujua?"

Nikasema hanijui. Akaguna, mguno ule wa kwao ambao ni hukumu bila rufaa, halafu akaongeza kwamba yeye husujudu mara 34 kwa siku, sunna hazijahesabiwa, na mgongo wake haujui mlango wa hospitali. Hilo sikuweza kulibishia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Shangazi ameinama tangu utotoni, alfajiri mpaka isha, bila kamera ya mtu.

Lakini swali lake, anakujua?, lilinirudisha nyuma zaidi ya Texas, kwa mwanamke aliyeifungua njia hii kabla simu hazijawa na vioo. Alizaliwa Riga mwaka 1899, mji uliokuwa wakati huo chini ya Dola la Urusi, akaitwa Eugenia Peterson. Baba alikuwa mtu wa benki, Mswidi. Mama alikuwa Mrusi wa ukoo wa kikabaila, aliyependa jukwaa. Mapinduzi ya 1917 yakawang'oa walipokuwa, kama yalivyowang'oa wengi, na katika miaka ya 1920 binti yuko Berlin, anacheza na kuigiza katika kundi la Warusi wa uhamishoni lililoitwa Der Blaue Vogel, Ndege wa Buluu, likizunguka miji ya Ulaya na vichekesho na nyimbo za nchi iliyokwisha kufutika. Fikiria kazi hiyo: kila usiku unaivaa nchi yako kama vazi la jukwaani, na mwisho wa onyesho unaivua na kuitundika msumarini.

Jambo ninalolipenda zaidi katika maisha yake lilitokea kabla ya hapo, Moscow, alipokuwa msichana wa miaka 15 hivi. Kwa rafiki wa familia aliona kitabu cha mafunzo ya yoga kilichoandikwa na mtu aliyejiita Yogi Ramacharaka. Akakisoma, akaapa kwamba lazima afike India. Sasa, huyo Ramacharaka hakuwa yogi wa kutoka Himalaya wala bondeni mwa Ganga. Lilikuwa jina la kalamu la William Walker Atkinson, mwanasheria wa Marekani aliyegeuka mwandishi. Yaani sauti iliyomwita kutoka Mashariki ilikuwa sauti ya Mmarekani aliyekaa mezani akiigiza Uhindi kwa wino. Wapo wanaoisimulia habari hii kwa kucheka, kana kwamba imemvua nguo binti wa watu. Mimi inanigusa. Mwigizaji aliitwa na mwigizaji mwenzake, na safari aliyoifunga haikuwa ya kuigiza hata kidogo.

Mwaka 1926 alikwenda kwenye mkutano wa wanatheosofia huko Ommen, Uholanzi, akamsikia mwalimu wao wa Kihindi, Krishnamurti, akiimba maneno ya Kisanskriti, na alisema baadaye kwamba aliisikia kama sauti anayoijua tangu zamani. Mwaka uliofuata akapanda meli. Alikuwa na mchumba tajiri aliyemlipia safari kwa makubaliano kwamba akirudi wafunge ndoa. Akarudi, akamkabidhi pete yake, akauza vito na manyoya, akaondoka tena. Mwaka 1930 alicheza katika filamu bubu ya Kihindi, *Sher-e-Arab*, pamoja na kijana aliyeitwa Prithviraj Kapoor, baba yake Raj Kapoor, yule ambaye bibi zetu wa pwani hii walimlilia sinema nzima na kesho yake wakarudi kumlilia tena. Na ili jina la Kizungu lisikae vibaya kwenye bango la filamu ya Kihindi, akatafutiwa jingine la kuvaa: Indra Devi. Hilo ndilo jina alilokwenda nalo kaburini, au tuseme mtoni, maana hakuzikwa. Jina la bango. Sinema aliitupa mkono mapema, kwani aliolewa mwaka huohuo na mwanadiplomasia wa Chekoslovakia na akaingia katika maisha ya chai na karamu za mabalozi. Jina likabaki.

Kisha moyo ukamsumbua, miaka kadhaa, na madaktari wasione la kufanya. Ndipo alipobisha hodi Mysore kwa Tirumalai Krishnamacharya, mwalimu aliyekuwa na shule ya yoga ndani ya kasri la Maharaja. Tunasema samaki mkunje angali mbichi, na Krishnamacharya aliishi kwa methali hiyo bila kuijua: wanafunzi wake walikuwa wavulana, na wawili kati ya waliopita mikononi mwake wakiwa wabichi, Pattabhi Jois na B.K.S. Iyengar, walikuja kujulikana dunia nzima. Huyu aliyesimama mlangoni alikuwa mwanamke, Mzungu, mgonjwa, wa miaka 38. Ng'onda. Mwalimu akakataa. Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne, aliyefahamiana na mwanamke huyo, akaingilia kati, na mwalimu, ambaye hakuweza kumkatalia mwenye kasri, akampa masharti magumu ya chakula na ya saa za kulala, pengine akitarajia kwamba atakimbia. Hakukimbia. Ng'onda ilikunjika pole pole, na ilipofika wakati wa mume kuhamishiwa Shanghai, yule yule aliyemfungia mlango akamwambia: nenda ukafundishe.

Kuhusu mwalimu huyo kuna habari inayonirudisha kwa maiti wa tamthilia. Krishnamacharya alikuwa akionyesha hadharani mambo ya kustaajabisha, na mojawapo lilikuwa kuusimamisha moyo. Mwaka 1935 daktari wa Kifaransa, Thérèse Brosse, alimfunga nyaya za kipimo cha moyo, na kwenye karatasi mistari ikafifia karibu kupotea. Habari ikaenea: kuna mtu India anayekufa na kurudi. Miaka mingi baadaye, watafiti waliokwenda India na vifaa bora, na kuchapisha kazi yao mwaka 1961, walieleza kwamba kwa watu wa namna hiyo moyo hausimami; kifua kinapobanwa kwa nguvu na pumzi kufungwa humo ndani, mapigo huzama yasisikike. Moyo uko kazini, umefunikwa tu. Basi hata yeye, mwalimu wa walimu, alipotakiwa kuonyesha mauti aliyaigiza, na aliyaigiza vizuri kuliko yule mzee wetu wa kwenye runinga kwa sababu alijua pa kuificha pumzi.

Indra Devi hakuichukua sehemu hiyo ya mafunzo. Alikwenda Shanghai mwaka 1939, akafundisha wakati wa vita katika nyumba ya mke wa kiongozi wa China, Chiang Kai-shek, na mwaka 1947 akaingia California. Mwaka uliofuata akafungua studio Hollywood, kwenye barabara ya Sunset Boulevard. Wakaja waigizaji. Alikuja Jennifer Jones, akaja Greta Garbo, ambaye alikuwa ameikimbia kamera tangu 1941 na hakucheza filamu nyingine mpaka kufa. Akaja Gloria Swanson, malkia wa filamu bubu, ambaye mwaka 1950 alitokea katika filamu iliyopewa jina la barabara ileile ya studio, akimcheza mwigizaji aliyesahauliwa anayeendelea kujipamba kwa ajili ya kamera zilizokwisha ondoka. Na filamu hiyo inaanza, wapenzi wa sinema wanajua, na maiti: kijana anaelea kifudifudi kwenye bwawa la kuogelea, naye huyohuyo maiti ndiye anayesimulia. Nikilifikiria hilo huwa nauona mtaa mmoja wenye milango miwili. Kwenye mlango huu mtu anaelea majini, amebana pumzi, kamera inamtazama. Kwenye mlango ule mwanamke aliyevaa sari anawaambia nyota wachovu walale chali sakafuni, wafumbe macho, waache uso uanguke.

Waache uso uanguke. Kwa mtu ambaye uso wake ni duka, hiyo si amri ndogo. Uso wa mwigizaji una kodi, una mkataba, una watu wanaoupaka na kuupangusa. Nadhani ndiyo sababu walimwamini yeye na si mwingine. Alikuwa amesimama kwenye mwanga ule, alijua joto lake, na alijua kwamba mtu aliyezoea kutazamwa huendelea kujitazama hata akiwa chooni. Hakuwahubiria miungu. Aliwafundisha kupumua, kujinyoosha, kula vizuri na kulala, na mwaka 1953 akakitoa kitabu chake kilichouzwa sana, kikiahidi ujana na afya ya kudumu, ahadi ambayo mimi ningemshauri asiiweke kwenye jalada, ila ndiyo ilikuwa lugha ya soko la pale.

Zipo lawama, na hazikosi msingi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na sari ya Mzungu wa Riga inazua maswali ambayo Wahindi wenyewe wana haki ya kwanza ya kuyauliza: nani alipewa mlango, nani alinyimwa, nani alinufaika na jina la Kihindi katika nchi iliyowafungia Wahindi wenyewe uraia mpaka mwaka 1946. Sina haja ya kumtetea kwa hilo. Ila najiuliza vazi huazimwa kwa muda gani kabla halijawa la mvaaji. Alilivaa India, akalivaa Shanghai, akalivaa Hollywood na kwenye shamba lake huko Tecate, Mexico. Alipopita miaka 80 alifika Argentina, akahojiwa kwenye televisheni, na nchi ile ikampenda kwa mahojiano tu: kikongwe mdogo ndani ya sari, mwenye kucheka, ameketi miguu imekunjwa kama msichana. Mwigizaji aliyeitupa mkono filamu akiwa na miaka 31 akawa nyota wa televisheni akiwa bibi wa vitukuu wa kufikirika, maana hakuwahi kuzaa. Wakamwita Mataji, mama. Mwaka 1985 akahamia huko, wakamfungulia taasisi, na Aprili 2002, Buenos Aires, akafariki akiwa na miaka 102, wiki chache kabla ya 103. Majivu yake yalimwagwa Río de la Plata, mto mpana kiasi kwamba ukisimama ukingoni huoni ng'ambo.

Nilimsimulia Shangazi habari zote hizi jioni moja, yeye akiwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. Alisikiliza kwa makini mpaka kwenye majivu, akatikisa kichwa. "Hakuna aliyemwosha?" Nikasema sijui mila za kule. Akanyamaza, kisha akataka nimwonyeshe huo mkao wa maiti.

Nikatandika mkeka, nikalala chali, mikono mbali na mwili, viganja juu, miguu imeachana na kuangukia nje, kidevu kimelegea. Shangazi akasimama juu yangu na mbuzi yake mkononi. Akanizunguka mara moja, kama anavyozunguka kitanda cha kuoshea.

"Umekosea kila kitu," akasema.

Akaniambia maiti wa heshima hakai hivyo. Miguu huunganishwa. Mikono huwekwa vizuri. Mdomo hufungwa. Kisha yeye mwenyewe akasita, na niliuona mkono wake ukisimama hewani kabla haujagusa kidevu changu. "Hivi ndivyo ninavyowakuta," akasema polepole. "Kabla sijawagusa." Na hapo nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Hata maiti wa kweli hupangwa. Hupangwa kwa mapenzi, kwa stara, kwa ajili ya macho ya watakaokuja kumuaga. Hilo ni onyesho la mwisho, na Shangazi ndiye mwongozaji wake. Mkao huu wa yoga unakuja kabla ya hapo. Ni mwili ambao hakuna aliyewahi kufika kuupanga. Pengine Garbo alikuwa akilitafuta hilo alipokuwa akilala kwenye sakafu ya Sunset Boulevard: robo saa ya kuwa mtu ambaye bado hajakutwa.

"Sogea," Shangazi akasema.

Akaitua mbuzi, akajifunga kanga vizuri, akalala mahali nilipokuwa nimelala, na mifupa ya magoti ikalia kwa zamu. Akatanua mikono kwa aibu kidogo. Akageuza viganja. "Niache miguu hivi hivi?" Nikasema iache. "Na mdomo?" Na mdomo, Shangazi. Akafumba macho. Nilianza kumwambia yale ambayo Adriene huniambia mimi, kwamba asiiongoze pumzi, aiache iende inakotaka, lakini sikufika mbali, kwa sababu kidevu chake kilikuwa kimeshalegea na usingizi umeshamchukua, yeye ambaye hulala saa tano usiku na kuamka na adhana ya kwanza, yeye ambaye hajawahi kulala mchana mbele ya mtu tangu nimjue.

Runinga ya jirani ilikuwa inaanza tamthilia, kinanda kilekile. Nazi nusu iliyokunwa ilikuwa kwenye bakuli, inangoja. Nikakaa sakafuni kando ya mkeka, nikiyatazama maua mekundu ya kanga yake tumboni. Yakapanda. Yakashuka. Yakapanda, yakashuka, kisha yakakaa chini muda mrefu kidogo kuliko nilivyotegemea, na mimi, bila kujua, nikaizuia pumzi yangu, nikingoja yapande.